Ngeli

Koplo Ekidor alininyoshea mkono
pale Barabara ya Ngong wanapopanga makochi nje,
makochi bado yamevaa nailoni kwa sababu ya vumbi.
Nikashuka. Skuta haikuwa na cha kuzima:
tangu nyumbani haikuwa imenguruma,
na nadhani hilo ndilo kosa lake la kwanza,
maana mjini kwetu kisichopiga kelele hushukiwa.

"Nini hii?" akauliza.

Angejua amemuuliza nani!
Ijumaa nzima nilikuwa ghorofa ya pili,
dirisha linalotazama tangi la maji,
nikitafsiri rasimu ya sheria ndogo, vifungu kumi na vinne,
kuhusu kitu hikihiki nilichokuwa nimekiegemeza
nyuma ya mlango, kikichaji kwa umeme wa serikali.

Niliandika "chombo". Nikafuta.
Chombo kiko majini, kiko angani,
kiko jikoni kimejaa mchuzi;
kimebebeshwa vya kutosha.
Niliandika "baiskeli", lakini haina kiti wala pedali,
mtu husimama wima juu yake kama anayengoja kuhutubia.
"Pikipiki": basi itafutiwe namba, bima, leseni, kofia mbili,
na pikipiki zenyewe zione aibu.
"Kitu cha kuchezea": na mimi nina miaka hamsini na miwili,
nina goti la kushoto lililoshindwa na ngazi,
ninacheza nini saa moja kasorobo asubuhi?

Bi. Mumbua, mkuu wetu, akachungulia:
"Acha nafasi wazi. Jumatatu tutajaza."
Nikapiga mstari,
mrefu kidogo kuliko neno lolote nilijualo.

Jumatatu ndiyo hii.
Nimesimama mbele ya koplo, juu ya mstari ule.
"Sijui, afande. Bado tunaandika."
Akaizunguka mara mbili.
Akabonyeza tairi kwa kidole gumba
kama anayechagua parachichi,
akatoa daftari, akaandika polepole, akanionyesha:
"Mtembea kwa miguu mwenye haraka."
"Nenda," akasema, "kabla sijapata neno lingine."

Ningeondoka nikicheka
asingekuwepo Mama Gesare na ndoo yake ya mayai ya kuchemsha,
mguu mmoja ndani ya kandambili, mwingine ndani ya bendeji.
"Na huu nao uandikwe," akasema, akauinua.
"Alhamisi mmoja wenu alinipanda kwa nyuma.
Lori nalisikia. Mkokoteni nausikia.
Hata mwizi ana pumzi.
Nyinyi mnakuja kama habari ya msiba."
Trei moja na nusu ilimwagika mtaroni.
Alitupiwa mia mbili na neno pole,
na aliyetupa alikuwa ameshafika Adams.

Nilisema kuna faini, kifungu cha tisa.
"Faini inakwenda kwenu," akasema,
akinimenyea yai ambalo sikuliagiza.
"Mimi nataka kengele."
Akanipimia chumvi na kachumbari, akapokea ishirini,
hakunitazama tena.

Nikaisukuma skuta kwa mkono hadi kwenye taa,
sijui kwa nini, hakuna aliyeniamuru.

Ghorofa ya pili. Kifungu cha tano.
Ule mstari sikuugusa. Nikaandika mbele yake:

____________ lazima iwe na kengele
inayosikika hatua ishirini,
na ipishe mguu.

Nikasoma tena. Iwe. Inayosikika. Ipishe.
Jina halijafika, na kiambishi kimeshaingia ofisini,
kimevuta kiti.

Bi. Mumbua akauliza nimefikia wapi.
Nikamwambia, kwenye kengele.